Mbona Matapeli wa Barua Pepe Hawashikwi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Kuku akiibwa hapa kijijini, tunapiga kamsa, tunafuata nyayo, na kabla ya jioni naibu wa chifu ana jina. Lakini huyu anayeandika, "Kikundi chenu kimepata ufadhili, tumeni ada ya usajili," mtamfuata wapi? Mnachanga, mnatuma, basi, pesa zimekwenda. Mbona polisi hawamshiki?

Kwanza ni mipaka. Mwizi anaweza kuwa nchi moja, kompyuta iliyobeba barua nchi ya pili, na benki nchi ya tatu. Polisi wetu hawawezi kumkamata mtu huko. Lazima serikali iiandikie serikali nyingine, na majibu huweza kuchukua miezi. Pesa huhama kwa saa chache.

Pili, jina ni la uongo, na akaunti mara nyingi ni ya mtu mwingine aliyelipwa kidogo ili itumike.

Tatu, walioibiwa huona haya na kunyamaza. Bila ripoti, polisi watajuaje kwamba watu mia wameibiwa na mtu mmoja?

Si kwamba sheria haiko. Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018. Na wengine hushikwa. Ramon Abbas wa Nigeria, aliyejiita Hushpuppi, alikamatwa Dubai mwaka 2020, na mwaka 2022 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka zaidi ya 11. Lakini ule ulikuwa wizi wa mamilioni ya dola, na polisi wa nchi mbili walishirikiana. Nani atafanya msako kama huo kwa shilingi elfu ishirini za kikundi?

Basi tujilinde wenyewe:

1. Anayeomba ada ili akupe msaada, usimtumie kitu.
2. Katibu asijibu peke yake. Barua isomwe mkutanoni, na mfadhili atafutwe kwa njia nyingine, si kwa namba iliyo katika barua hiyo.
3. Kama mmeshatuma, pigieni benki au kampuni ya simu saa ile ile, pengine pesa zitazuiwa kabla hazijatolewa.
4. Nendeni polisi mpate namba ya OB. Msifute barua, ndiyo ushahidi.

Swali la kujadili: Katika kikundi chenu, ni watu wangapi lazima wakubali kabla pesa hazijatoka?