Baiskeli Salama Huhitaji Barabara Salama



Kila alfajiri barabara za Dar es Salaam hupokea waendesha baiskeli waliobeba mkaa, samaki, mayai na zana za ufundi. Kwao baiskeli ni chombo cha kazi, na usalama wao ni usalama wa riziki ya nyumba zao.

Tuanze na yaliyo mikononi mwa mnunuzi. Kabla ya kulipa, jaribuni breki zote mbili. Inueni baiskeli, mzungushe magurudumu na kutazama kama yanayumba. Hakikisheni ina kengele, taa nyeupe mbele, na taa nyekundu pamoja na kiakisi mwanga nyuma. Kofia ngumu ikae sawasawa kichwani, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Ikishapata pigo kubwa haifai tena, hata kama ufa hauonekani. Mzigo nao usizibe taa ya nyuma.

Hata hivyo, tungewapotosha kama tungeishia hapo, kwani kofia haimpunguzii dereva mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika sekunde moja, ambayo dereva aweza kuitumia kutambua hatari tu kabla ya kukanyaga breki. Likienda kilomita 30, hupita takriban mita 8. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huwa mara nne. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sheria yetu huruhusu kilomita 50 katika maeneo ya makazi. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, wala si mwendo ambao kila dereva analazimika kuufikia.

Pale ambapo mwendo haupungui, njia hazina budi kutenganishwa. Barabara ya Morogoro, ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza huduma mwaka 2016, iliwekewa pia njia za baiskeli. Lakini njia iliyokaliwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa au meza za biashara humrudisha mwendesha baiskeli katikati ya malori, kana kwamba haikujengwa.

Kwa hiyo, mkiona njia imezibwa, taa za barabarani zimezimika au shimo limeachwa wazi, toeni taarifa. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za mitaa husimamiwa na TARURA. Andikeni barua mkitaja mahali, tarehe na kizuizi chenyewe, mpeleke nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa, na mhifadhi nakala yenu.

Nanyi madereva, mpishapo baiskeli acheni nafasi isiyopungua mita moja. Tazameni kioo kabla ya kukata kushoto, na kabla ya kufungua mlango.

Mnunuzi akishatimiza wajibu wake, ana haki ya kudai barabara itimize wake. Dai hilo ni halali, na tunawahimiza mlitoe.