Mwari wa Elementaita



Jumamosi moja tulitoka Nakuru mjini, watu kumi na wanane wa kanisa letu, kwenda kutembea kando ya ziwa Elementaita na kutazama ndege. Garini tuliimba kwa sauti kuu, kama ilivyo desturi yetu. Tulipofika, kijana aliyetuongoza alitusihi tunyamaze. Baadhi yetu tulikunja uso. Tangu lini watu wa Mungu wakakatazwa kuimba? Lakini alitueleza. Mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, hutaga kwenye visiwa vya mawe ziwani humo. Wakishtushwa huinuka wote pamoja, na yai au kinda likiachwa wazi juani halidumu. Ziwa lenyewe liko chini ya ulinzi wa Serikali tangu mwaka 2010, na mwaka 2011 liliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria.

Basi tukatembea kimya. Si kazi rahisi! Mama mmoja alijiziba mdomo kwa leso.

Elementaita ni ziwa la magadi, na samaki wake ni wachache. Chakula cha mwari kiko ng'ambo ya vilima, katika ziwa Nakuru, ambako miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 watu walileta samaki wadogo kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyewaza habari za mwari siku hizo, lakini mwari wakaja. Nao hawaondoki alfajiri. Husubiri jua liipashe nchi joto na hewa ianze kupanda. Ndipo huinuka nayo wakizunguka, karibu bila kupiga mabawa, kisha huteleza hewani kuelekea Nakuru. Tumesoma mara nyingi maneno ya Bwana Yesu juu ya ndege wa angani, na pengine tumedhani ndege huletewa chakula kiotani. Mwari hukifuata mbali, kisha humrudishia kinda.

Yapata saa nne tuliwaona wakipaa. Tulikuwa tumeketi majanini, shingo zimeelekea juu, ndipo ndugu mmoja akasema polepole, "Mimi nami, huu mwezi wa saba, sijui niende ziwa gani."

Alikuwa amepoteza kazi. Watoto wake wawili walikuwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na kila Jumatano tulikuwa naye katika maombi! Tulisali kwa sauti, tukamsalimu mlangoni, na alipojibu "nzuri" tukaridhika.

Hatukumhubiria. Mmoja wetu alikwisha kufungua kinywa, lakini mkewe alimgusa mguu. Mzee wa kanisa aliuliza tu shule inadai kiasi gani, akaandika nyuma ya karatasi tuliyokuwa tukihesabia ndege. Karatasi ikazunguka kwa kila mtu, na kila mmoja akaandika alichoweza. Mwanafunzi mmoja aliandika shilingi hamsini, akaifuta, akaandika mia.

Wakati wa kurudi palikuwa kimya garini mpaka tulipopita Mbaruk. Hapo ndugu yule akauliza kama kuna mtu anayemfahamu fundi anayehitaji msaidizi. Wawili walimfahamu.