Usipoziba Ufa: Majengo ya Zamani na Wajibu wa Vijana

(Hotuba iliyotolewa Bukundi mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa majengo ya zamani. Najua baadhi yenu mnajiuliza, majengo gani hayo? Hapa Bukundi hatuna ngome ya Mreno wala jumba la Sultani. Ni kweli. Lakini kabla hatujasema kwamba jambo hili halituhusu, naomba niwaeleze kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mtumishi katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, nilishiriki katika kikao kilichopitisha kubomolewa kwa zahanati ya zamani ya kijiji. Zahanati mpya ilikuwa imekwisha kujengwa kando yake, na ile ya zamani ilionekana kuwa inaziba nafasi tu. Sikupinga. Siku ya kubomoa nilikwenda kusimamia. Akaja bibi mmoja, akasimama mbele ya lundo la mawe, akaniambia: "Mwanangu, mawe haya tuliyabeba kichwani kutoka mlimani. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mngetuuliza."

Niliporudi ofisini nilitafuta jalada la ujenzi wa zahanati ile. Halikuwapo. Hapakuwa na picha wala orodha ya waliojitolea. Ushahidi pekee wa kazi ya watu wale ulikuwa ni jengo lenyewe, nasi tulikuwa tumekwisha kulipakia kwenye tela la trekta.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba sheria peke yake itatulindia majengo ya namna hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hayana ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi. Sasa, madarasa ya kwanza, zahanati za kujitolea na maghala ya pamba ya vyama vya ushirika, yote ni ya karne iliyopita. Mlinzi wake wa kwanza ni yule anayeyapita kila siku.

Tena, ukubwa wa jengo hauliokoi. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga pale ufukweni, nayo ikabaki imesimama. Lakini mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mzima ukaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lililoshinda mizinga lilishindwa na uchakavu. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinyume chake ni Kilwa Kisiwani. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Kazi ya kuyatengeneza ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo.

Na huku kwetu Kanda ya Ziwa tunayo Bujora, karibu na Mwanza. Padri David Clement, mzaliwa wa Kanada, alishirikiana na Wasukuma wenyewe kukusanya pale vitu vya watemi, ngoma na vifaa vya nyumbani. Kanisa lake lilijengwa kwa kufuata umbo la msonge. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi wakaacha nyumba zao. Bila Bujora, watoto wengi wangesikia tu habari za mambo hayo.

Vijana, sisemi kila kuta za zamani zibaki. Jengo linaloweza kuwaangukia watoto lisiachwe hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba tuulize kwanza, tubomoe baadaye. Na kazi yenu haihitaji fedha nyingi. Chagueni jengo moja katika kijiji chenu. Lipimeni, lipigeni picha, waulizeni wazee nani alilijenga, mwaka gani, na kwa mawe ya wapi. Andikeni majina katika daftari na nakala yake ibaki shuleni. Ng'oeni miti inayoota ukutani ingali michanga. Zibueni mifereji ili maji ya mvua yasituame kwenye msingi. Mkiona mchwa au bati lililotoboka, toeni taarifa mapema. Na ukuta wa chokaa msiupake saruji, kwani hufungia unyevu ndani na kuuozesha.

Nasi tuliotangulia tuna wajibu wetu. Tukikaa katika vikao, tusinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Bibi yule hakudai fidia wala hakutukana mtu. Alitaka kuulizwa tu.