Matuta ya Usambara: Ghasia Hutoka Wapi?
(Mazungumzo na wanachama wa Rangwi)



Wananchi wakikataa amri, watawala upesi husema: kuna wachochezi. Sisi wa milima hii yatupasa kutazama zaidi ya hapo.

Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilianza mpango wake kwa jirani zetu wa Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Hilo lilikuwa kweli, wala hatulikani. Lakini dawa ilikuja kama amri: lima matuta, zuia mifugo, ukikaidi utatozwa faini. Jembe lenyewe liliwaelemea zaidi akina mama. Tena ardhi ilikwisha kubanwa, misitu imefungwa tangu enzi ya Wajerumani. Mwenye kishamba kidogo akatakiwa nguvu zake, rai yake haikutakiwa. Wengi wakahofu kwamba shamba likishatengenezwa litanyang'anywa.

Wazee wetu wana maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua, chakula na amani. Zumbe aliyesimamia faini za matuta, huku akila mshahara wa Serikali, alionekana anaiharibu nchi. Hapo shauri halikuwa la jembe tena, lilikuwa la nani ana haki ya kutawala.

Kwa jirani zetu Wapare, mwaka 1945, maelfu walikwenda Same kupinga kodi ya mbiru, wakapiga kambi, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Uluguru, mwaka 1955, ghasia za matuta zilifika kwenye risasi huko Matombo, na mtu akafa. Kwetu amri ililegea mwishoni mwa miaka ya 1950, na TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikapata wafuasi wengi kwa shauri hilo hilo.

Lakini Uhuru haukuzuia maji kuteremka! Mwaka 1981 ulikuja mradi wa SECAP, na majani ya guatemala yakapandwa kukinga mteremko. Jani lile hulisha ng'ombe wa zizini; mkulima huona faida yake kwa macho.

Basi sheria ndogo yoyote ya kijiji juu ya miteremko au vyanzo vya maji twataka ifikishwe kwanza mkutano mkuu wa kijiji, akina mama wenye majembe wasikilizwe, na kiasi cha faini kitajwe mbele yao kabla mtu hajatia sahihi.