Dhoruba Ndani ya Swichi: Mazungumzo na Watumiaji wa Mtandao Kisiwani Rukuba



Dhoruba ya ziwani mnaijua kuliko sisi tuliovuka maji kuja kwenu. Leo tunaomba tuzungumze kuhusu dhoruba nyingine, isiyo na upepo wala mawimbi, ambayo huzuka ndani ya kisanduku kiitwacho swichi ya mtandao. Kisanduku hicho ndicho kinachounganisha kwa nyaya kompyuta, printa na kamera za shule, zahanati au ofisi, na kuzifikisha kwenye ruta iletayo intaneti.

Ndani ya swichi, ujumbe husafiri kwa njia tatu. Upo ujumbe wa mmoja, mfano wa barua inayopelekwa nyumba moja. Upo ujumbe wa wote, yaani brodikasti, unaotoka kwa kila mlango wa swichi kama mbiu ya mgambo. Upo pia ujumbe wa kundi, yaani multikasti, mfano wa wito kwa wenye mitumbwi peke yao. Picha ya kamera moja inayotazamwa na kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja yaweza kutumwa kwa njia hii ya tatu.

Wahenga walisema, la mgambo likilia kuna jambo. Lakini likilia usiku na mchana pasipo kukoma, hakuna atakayeweza kusemezana na jirani yake. Ndivyo inavyokuwa mtu anapochomeka ncha zote mbili za waya katika swichi ileile, au anapounganisha swichi mbili kwa nyaya mbili bila kinga. Brodikasti hutoka kwa mlango mmoja, hurudi kwa mwingine, na kutumwa tena. Katika mfumo wa Ethernet ujumbe haubebi kikomo cha safari, hivyo huzunguka na kuongezeka bila mwisho. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha jumbe ndogo zipatazo 148,800 kila sekunde, na dhoruba huweza kuijaza nafasi hiyo yote kwa muda mfupi sana.

Madhara yake ni makubwa. Mwezi Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilikosa mtandao wa kutegemewa kwa siku kadhaa kwa sababu ya mizunguko ya namna hiyo. Madaktari na wauguzi walirejea kwenye karatasi. Ikiwa hospitali kubwa ilitikisika hivyo, sisi tunaomsubiri fundi avuke ziwa hatuna budi kujikinga mapema. Tunashauri mambo matatu, kwa utaratibu huu.

Kwanza, zuieni mzunguko. Itifaki ya STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, hutambua njia zinazojirudia na kufunga mojawapo. Hakikisheni imewashwa. Swichi nyingi za bei nafuu zisizo na ukurasa wa mipangilio hazina kinga hii, hivyo ulizeni kabla ya kulipa.

Pili, ipangeni multikasti. Washeni usikilizaji wa IGMP, ili swichi itume picha kwa wanaozihitaji tu. Lakini lazima kiwepo kifaa kimoja, ruta au swichi yenyewe, cha kuuliza mara kwa mara nani bado anahitaji. Kisipokuwepo, swichi husahau wanachama wa kundi, kwa kawaida baada ya sekunde 260. Basi picha ikikatika dakika nne hivi baada ya kufunguliwa, msikimbilie kununua kamera mpya. Mwulizeni fundi kuhusu muulizaji wa IGMP.

Tatu, wekeni udhibiti wa dhoruba, yaani kikomo cha brodikasti na cha multikasti katika kila mlango. Pimeni kwanza matumizi ya siku ya kawaida, kisha kikomo kiwe juu ya kipimo hicho. Kikomo cha brodikasti kikiwa chini mno, kompyuta zaweza kushindwa kupata anwani kutoka kwa ruta. Cha multikasti kikiwa chini mno, picha za kamera zitakatika. Kwa mlango unaoelekea kwenye ruta, chagueni kutupa ujumbe wa ziada badala ya kuufunga mlango mzima. Nanyi mkumbuke kwamba kikomo hupunguza makali tu. Mzunguko wenyewe sharti uondolewe.

Kazi ikiisha, mtakeni fundi ahifadhi mipangilio, kwa kuwa katika swichi nyingi mipangilio isiyohifadhiwa hupotea umeme unapokatika. Awakabidhi pia nywila na maelezo ya mipangilio kwa maandishi. Kifaa ni mali yenu, na funguo zake ni haki yenu.

Mtambueje dhoruba? Taa za milango yote humemeta kwa kasi pamoja, na hata printa iliyomo chumbani haifikiki. Hapo chomoeni nyaya mojamoja, mkianza na ule uliochomekwa karibuni zaidi, mpaka taa zitulie. Lakini ikiwa printa na kompyuta zinawasiliana vyema, na intaneti pekee ndiyo iliyopotea, mwiteni mtoa huduma. Andikeni tarehe, saa na namba ya lalamiko. Msiporidhika na majibu yake, lifikisheni jambo hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Hatupendi mwananchi alipie kifurushi kikubwa zaidi kutibu kosa lililomo katika waya wa chumbani mwake, wala mgonjwa acheleweshwe na mzunguko ambao mkono mmoja ungeuchomoa. Mvuvi hukagua mtumbwi wake kabla ya kuingia ziwani. Nasi tukague swichi zetu kabla ya kuzitegemea.