Kikulacho na Hesabu Yake



Stoo ikikutwa na upungufu, methali huwa ya kwanza kufika mezani: kikulacho ki nguoni mwako. Sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni na mwajiri anayeidakia na kusema: basi nguo yote ikung'utwe, chawa ataanguka.

Nchini Marekani nguo hiyo ilikung'utwa kwa mashine. Wafanyakazi walifungwa nyaya za kipima uongo, yakasomwa mapigo ya moyo, pumzi na jasho, mpaka sheria ya mwaka 1988 ilipowazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kukitumia. Hoja ilikuwa na sura ya busara: kipimo hupatia mara nyingi, kwa hiyo anayeshindwa bila shaka ni mwizi.

Tuipigie hesabu. Tuseme kampuni ina wafanyakazi 1,000, na wezi ni 20. Tukikirimu kipimo: kinapatia mara 90 katika kila 100, kwa mwizi na kwa mwaminifu. Kitanasa wezi 18. Lakini waaminifu ni 980, na asilimia 10 yao, yaani watu 98, nao wataitwa wezi. Walionaswa ni 116, na wezi wa kweli humo hawafiki hata mmoja katika kila sita. Waaminifu ni wengi mno; kosa dogo likipita katikati yao hujeruhi umati.

Mwajiri akiwafukuza wote 116, wizi huenda ukapungua kweli, naye ataushika upungufu huo kuwa ushahidi. Hapo ndipo hoja mbovu huvishwa joho. Daftari la stoo huhesabu magunia. Halina safu ya watu 98 walioondoka na jina baya.

Na waliobaki je? Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha uchunguzi wa viwanda vya Marekani vilivyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda. Wizi ulipanda. Ulipanda zaidi katika kiwanda ambacho wafanyakazi wake waliarifiwa kwa mkato. Walikoelezwa sababu kwa kina na kuombwa radhi, ulipanda kidogo. Mishahara iliporudi, wizi ukashuka.

Kipima uongo kingewapima watu hao lini? Kabla ya punguzo, wengi wangepita kwa haki. Wiki chache baadaye, baadhi yao walikuwa wakitoka getini na mali ya kiwanda. Kungojea mwizi aliyezaliwa hivyo ni kutomwona huyu aliyezaliwa kazini, mbele ya macho ya meneja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku stoo itakapopungukiwa, kabla ya kuita majina, fungueni daftari mtafute tarehe upungufu ulipoanza. Kisha ulizeni: wiki ile, ofisi ilitangaza nini?