UGONJWA WA INI SI WA WALEVI PEKE YAO

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa mjumbe mmoja wa kamati mbele ya wanachama, hapa Nakuru. Wengi waliomba yapigwe chapa ili wasiokuwapo nao wasome.)



Leo sikuja kusema habari za mishahara. Nimekuja kusema habari za ini, na mwisho mtaona ya kuwa habari hizi mbili ni jamaa.

Miaka michache iliyopita palikuwa na mama mmoja, mwenzetu, akifanya kazi ya kufunga maua katika shamba moja upande wa Naivasha. Sitataja jina lake wala jina la shamba. Umri wake ulikuwa umepita miaka 45, na kazi alikuwa akiijua. Akaanza kuchoka. Haukuwa uchovu wa jioni ambao sote twaujua, bali aliamka nao asubuhi. Usiku viganja na nyayo zikamwasha hata asipate usingizi. Baadaye macho yakaingia umanjano. Nyapara akasema, "Huyu anakunywa chang'aa." Majirani wakasema amerogwa. Akapewa barua ya onyo.

Alipokuja kwetu katika kamati, neno la kwanza nililomwuliza ni hili: "Mama, unakunywa kiasi gani?" Akanitazama tu. Mama yule hakupata kuonja pombe maishani mwake. Nasema jambo hili mbele yenu kwa kuwa naona haya mpaka leo, na sipendi mjumbe mwingine aone haya kama hiyo.

Basi, ni ugonjwa gani uliompata? Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hupita katika mifereji midogo sana kwenda tumboni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Tena mwili una askari wake wa kulinda, nao huitwa kinga ya mwili. Kazi yao ni kupiga vijidudu. Lakini pengine askari hao hupotewa. Fikirini askari wa usiku aliyewekwa kulinda nyumba, naye akageuka kumpiga mwenye nyumba kwa kumdhania mwizi. Katika ugonjwa huu askari huishambulia mifereji ya nyongo. Mifereji huharibika, nyongo hukwama, na baada ya miaka mingi ini hujaa makovu na kuwa gumu. Madaktari huuita kwa kifupi PBC. Ana ndugu yake, ambaye ni homa ya ini ya kinga kujishambulia. Huyo hupiga nyama ya ini yenyewe.

Hata madaktari walikuwa na kosa lao katika jambo hili. Zamani jina la PBC lilikuwa na neno lenye maana ya ini lililojaa makovu, na watu wakisikia neno hilo hufikiri pombe. Wagonjwa walilalamika kwamba wanaitwa walevi bure. Mwaka 2015 jina likabadilishwa. Wagonjwa waliungana, wakadai, wakapata. Sisi watu wa chama twaifahamu kazi ya namna hiyo.

Sasa, ni nani aliye katika hatari? Sikilizeni vizuri, maana kuwa katika hatari si sawa na kuwa mgonjwa.

1. Wanawake. Wagonjwa wengi sana wa PBC ni wanawake, hasa wenye umri wa miaka 40 hadi 60. Wanaume pia huupata, lakini ni wachache zaidi, na kwa sababu hiyo wao huchelewa kutambuliwa. Yule ndugu yake huweza kumpata mtu wa umri wo wote, hata mtoto.

2. Jamaa wa damu. Mama, binti au dada wa mgonjwa ana hatari zaidi kuliko mtu mwingine. Tena mwenye ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, kama ule wa tezi ya shingo, au ukavu wa macho na kinywa, yafaa apimwe ini.

3. Sigara. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wagonjwa zaidi ya 1,000 waliulizwa habari za maisha yao, wakalinganishwa na watu wazima wa afya. Sigara ilionekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa.

4. Ugonjwa wa njia ya mkojo unaorudi mara kwa mara. Huu nao ulionekana katika utafiti huo huo. Sasa, akina mama wa nyumba za kufungia maua, ninyi mnajua ninalosema. Mwanamke anayekataliwa ruhusa ya kwenda chooni, akabana mkojo kwa saa nyingi na kuogopa kunywa maji, anakaribisha ugonjwa wa mkojo. Sisemi ya kuwa kila atakayeugua mkojo ataugua ini, hapana. Nasema ya kuwa ruhusa ya choo ni habari ya afya, na ni haki ya kudaiwa.

5. Dawa za viwandani. Rangi ya kucha nayo ilionekana katika utafiti ule, na wataalamu wanazishuku kemikali nyingine. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 1980 madaktari wa mji wa Sheffield, Uingereza, walitangaza ya kuwa karibu wagonjwa wao wote wa PBC walikuwa wakinywa maji ya bwawa moja. Maji yakapimwa, na sumu ya kueleza jambo hilo haikuonekana. Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa dawa ya kunyunyizia maua imethibitishwa kuleta PBC, haijathibitishwa. Lakini dawa nyingi za namna hiyo zaweza kudhuru mwili kwa njia nyingine, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe mavazi ya kujikinga bila kumkata mfanyakazi mshahara. Hatuna haja ya kungoja ini liumie ndipo tudai glavu.

6. Miraa. Ninyi madereva mnaolala Salgaa, na ninyi askari wa usiku, neno hili ni lenu. Utafiti wa hospitali mjini Harar, Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha ya kuwa watafunaji wa miraa walipatwa zaidi na ugonjwa wa ini wa muda mrefu. Na madaktari wa Uingereza wameandika habari za watafunaji waliovimba ini, na wengine damu yao ilionyesha dalili zinazofanana na za kinga kujishambulia. Miraa hufukuza usingizi, lakini dereva anayetakiwa kuendesha usiku na mchana bila kupumzika ana shauri la kuleta chamani, si la kutafuna.

Tena tukumbuke ini huumizwa na mambo mengine. Iko homa ya ini ya aina ya B, ambayo huambukiza kwa damu na kwa kujamiiana. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa mwaka 2001. Wengi wetu tuliozaliwa kabla hatukuchanjwa. Iko sumu ya kuvu katika mahindi mabichi yaliyowekwa vibaya. Mwaka 2004 kule Ukambani sumu hiyo iliwapata watu 317, na 125 wakafa. Na pombe pia, sikatai. Lakini PBC haiambukizi hata kidogo. Usimtenge mwenzako, wala usikatae kula naye.

Dalili ni hizi: kuchoka bila sababu, kuwashwa bila upele, ukavu wa macho na kinywa, baadaye mkojo mweusi na macho ya manjano. Ukiziona, nenda hospitali ukaombe damu yako ipimwe ini. PBC ina alama yake katika damu, ambayo huonekana kwa wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10. Iko dawa ya kumeza kila siku, nayo hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa wengi. Yule ndugu yake hutulizwa kwa dawa za kupoza kinga, na mgonjwa asiziache ghafula kwa shauri lake mwenyewe. Aliyewahi hupata miaka mingi ya kazi. Aliyechelewa huweza kuhitaji ini jipya.

Sasa haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema ya kuwa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, hupewa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mapatano ya chama yaweza kuzidisha. Kifungu cha 41 chasema ya kuwa kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa makosa, kwa kazi mbovu, au kwa kutojiweza mwilini, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, naye mfanyakazi aweza kuja na mwenzake au mjumbe wa chama.

Kwa kifungu hicho tuliingia ofisini na yule mama. Alibeba karatasi ya daktari mkononi. Karani aliisoma mara mbili, akanyamaza. Barua ya onyo ikaondolewa, naye akapewa kazi ya kukaa. Dawa anaimeza mpaka leo. Nilimwomba radhi, akasema, "Mjumbe, mara nyingine anza kwa kuuliza unaumwa wapi."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo nililokuja kuwapa. Mwenzako akija macho yake manjano, usimwulize habari za chupa. Mwulize anaumwa wapi, kisha fuatana naye mpaka hospitali, na kutoka hospitali mpaka ofisini.